Richard Kandt: Daktari wa wagonjwa wa akili aliyeasisi mji wa Kigali

Wakazi wa Kigali wanalijua jina la Richard Kandt kwa sababu ya nyumba. Iko Nyarugenge, nayo leo ni makumbusho yanayobeba jina lake. Wanafunzi hupelekwa humo kutazama picha za enzi ya Wajerumani, na wengi hutoka wakizungumzia zaidi nyoka hai wanaofugwa ndani ya uzio. Mambo mawili ndiyo husimuliwa sana kumhusu: kwamba alilitafuta chimbuko la Mto Nile, na kwamba mwaka 1907 aliweka msingi wa mji ambao leo ni makao makuu ya Rwanda. Jambo la tatu hutajwa kwa neno moja tu, kwamba alikuwa daktari. Ni nadra kuulizwa alikuwa daktari wa nini.

Kandt alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili. Kabla ya kukanyaga ardhi ya Afrika alikuwa amefanya kazi katika hospitali za wendawazimu, kama zilivyoitwa wakati ule, kusini mwa Ujerumani. Kwa hiyo Kigali ni miongoni mwa miji michache duniani iliyoasisiwa na mtu wa taaluma hiyo. Hata hivyo, mji wenyewe ulikaa miaka 65 bila hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, uliokuwa chini ya dola la Prussia na ambao leo ni Poznań nchini Poland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Kantorowicz, na ukoo wake ulikuwa wa Wayahudi wafanyabiashara. Alipokuwa kijana aliliacha jina hilo na kujiita Kandt. Sheria za Ujerumani zilikuwa zimekwisha kuwapa Wayahudi haki sawa na raia wengine, lakini sheria ni kitu kimoja na desturi za maofisini ni kingine: jina la Kiyahudi lilimfungia mtu milango mingi katika utumishi wa serikali na jeshi.

Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Würzburg, Heidelberg na Munich. Inafaa kueleza wanafunzi wa udaktari wa siku hizo walijifunza nini juu ya akili ya binadamu, kwa maana jibu lake ni fupi: wengi hawakujifunza karibu chochote. Somo la magonjwa ya akili halikuwa katika mtihani wa lazima wa madaktari wa Ujerumani hadi mwaka 1901. Daktari wa kijijini au wa mtaani, yule aliyewahudumia wazazi na watoto wa nyumba moja kwa miaka, aliweza kuhitimu na kuanza kazi bila kuulizwa swali hata moja kuhusu huzuni isiyokwisha, hofu, au sauti zinazosikiwa na mtu mmoja tu. Mgonjwa wa namna hiyo alipomfikia, kwa kawaida daktari alimwandikia barua ya kumpeleka mbali, kwenye jengo lenye kuta ndefu.

Kandt alichagua kufanya kazi ndani ya majengo hayo. Alihudumu katika hospitali ya Bayreuth, kisha Werneck, zote mbili katika ufalme wa Bavaria. Werneck lilikuwa kasri la maaskofu watawala wa Würzburg, lililojengwa katika karne ya 18 na msanifu mashuhuri Balthasar Neumann, na likageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1855. Mkurugenzi wake wa kwanza, Bernhard von Gudden, alikuwa miongoni mwa madaktari wa Ujerumani waliopinga kuwafunga wagonjwa kwa minyororo na mikanda. Gudden huyo ndiye baadaye aliyetoa ushahidi kwamba Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria hana akili timamu, bila kumpima ana kwa ana. Mwezi Juni 1886 daktari na mfalme walikwenda kutembea kando ya Ziwa Starnberg, na usiku ule wote wawili wakaopolewa majini wamekufa. Kiti cha ufalme kikarithiwa na Otto, mdogo wake Ludwig, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa akili na aliishi amefungiwa ndani ya kasri. Wakati Kandt alipokuwa akizunguka wodini, serikali iliyokuwa ikimlipa mshahara ilitawala kwa jina la mfalme ambaye, kama angekuwa mtu wa kawaida, angeweza kuwa mgonjwa katika wodi hizo hizo.

Kazi ya daktari msaidizi katika hospitali kama hiyo haikuwa na dawa nyingi. Zilikuwepo bromidi na dawa za kuwalaza wagonjwa, bafu za maji ya uvuguvugu, kitanda, na kazi za shambani kwa wale walioweza. Kilichobaki kilikuwa kutazama na kuandika: mgonjwa amelala vipi, amekula nini, amesema nini, leo ni tofauti na jana kwa namna gani. Stadi ya kutazama kwa subira ndiyo aliyoondoka nayo Kandt, na wasomaji wa kitabu chake wanaikuta humo kwenye kila ukurasa.

Chimbuko la Nile

Aliondoka mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 29. Hakutumwa na serikali wala na chama. Gharama za safari alizibeba mwenyewe. Swali lililomvuta lilikuwa la zamani. John Speke alikwisha kuonyesha kwamba Nile inatoka katika Ziwa Victoria, lakini ziwa lenyewe linapokea mito, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera. Mwaka 1892 Oscar Baumann kutoka Austria aliitazama Ruvubu ya Burundi na kudai kwamba hiyo ndiyo asili. Kandt hakuridhika. Aliona kwamba lazima mtu apime maji mahali Ruvubu inapokutana na Nyabarongo, ajue upi ni mkubwa, kisha aufuate huo hadi mwisho.

Alianzia pwani pamoja na wapagazi na askari, akapita Tabora, na lugha ya msafara huo ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1898 aliingia Rwanda. Nchi ilikuwa bado inauguza jeraha la Rucunshu, mapambano ya mwaka 1896 ambamo Mwami Rutarindwa aliangamia na mahali pake akawekwa kijana Yuhi Musinga, huku mamake Kanjogera na mjomba wake Kabare wakishika hatamu. Jumba la kifalme halikutaka kumtoa kijana huyo mbele ya wageni wenye bunduki. Wazungu wa kwanza waliofika walioneshwa mtu mwingine, Mpamarugamba, aliyeketi mahali pa mfalme na kupokea salamu kama mfalme. Wakuu wa Rwanda walikuwa wamejua, bila kusoma chuo chochote, jinsi ya kuisoma nia ya mgeni na kumpa kile alichotaka kukiona.

Mwezi Agosti 1898 Kandt aliufuata mto Rukarara ndani ya msitu wa Nyungwe hadi kwenye chemchemi yake, akatangaza kwamba hapo ndipo tone la kwanza la Nile linapotoka. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi, lakini mwaka 2006 msafara mwingine uliotumia vipimo vya setilaiti nao uliishia katika msitu huo huo.

Hakurudi kwao upesi. Alijenga makazi Shangi, kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Kivu, akayaita kwa Kijerumani Bergfrieden, yaani amani ya mlimani. Kwa miaka kadhaa alichora ramani ya ziwa, akakusanya mimea na wanyama, akajifunza Kinyarwanda. Kima wa rangi ya dhahabu ambaye leo huwaleta watalii katika milima ya Virunga ana jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1904 alichapisha Berlin kitabu chake Caput Nili, kilichoandikwa kwa mtindo wa barua, na kikamfanya ajulikane.

Mwaka huo huo wa 1904 mtaalamu mkubwa kuliko wote wa magonjwa ya akili nchini Ujerumani, Emil Kraepelin, alisafiri hadi kisiwa cha Java. Alitaka kujua kama watu wa nchi za mbali wanaugua magonjwa ya akili yale yale ya Ulaya. Alikaa muda mfupi na alitegemea wakalimani. Kandt alikuwa amekwisha kuishi miaka mingi kati ya Wanyarwanda, na lugha alikuwa nazo. Alikuwa na kila kitu cha kumwezesha kujibu swali la Kraepelin vizuri zaidi ya Kraepelin mwenyewe, lakini si kwa kazi hiyo anayokumbukwa. Mito, ramani na milki za watawala vilikuwa vimemchukua.

Boma la Nyarugenge

Mwaka 1907 serikali ya Ujerumani iliiondoa Rwanda katika mamlaka ya wanajeshi na kumteua Kandt kuwa Residenti, yaani mwakilishi wake mkuu nchini. Alihitaji mahali pa kukaa. Hakuchagua Nyanza, kwenye jumba la Musinga, wala hakurudi ziwani. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, mahali njia za kutoka mashariki na kusini zilipoweza kukutana. Hapo ndipo Kigali ilipoanzia.

Mji mdogo uliozaliwa ulikuwa mji wa Waswahili tangu asubuhi yake ya kwanza. Askari walitoka sehemu mbalimbali za koloni na Kiswahili kiliwaunganisha. Wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili waliletwa na biashara ya ngozi za ng'ombe, wakafungua maduka, wakaoa, wakazika. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa al-Fatah, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini. Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, ambako hadi leo mtoto hutumwa dukani kwa Kiswahili, ni mizizi ya kipindi hicho. Musinga mwenyewe alijifunza kusoma na kuandika lugha hiyo. Wamisionari hawakufurahi, waliiona kuwa ni lugha ya Uislamu na walihofia kwamba maofisa wa serikali wanaifungulia mlango.

Utawala wa Kandt ulitegemea maofisa wa Kizungu wachache mno, hivyo alitawala kwa kupitia kwa Mwami na machifu wake. Wapo wanaomwelezea kuwa mtawala mpole, na kwa kulinganisha na yaliyotokea kusini mwa koloni wakati wa vita vya Maji Maji, hilo lina ukweli. Lakini upole huo ulikuwa na mipaka. Mwaka 1912, watu wa kaskazini walipomfuata Ndungutse aliyejitokeza kudai haki ya kiti cha ufalme, kikosi cha Kijerumani chini ya Luteni Gudowius kilikwenda kuwaadhibu na vijiji viliteketezwa. Kuimarisha mamlaka ya Mwami mahali yalipokuwa hafifu kulikuwa na gharama, na gharama hiyo hawakuilipa wale waliokaa Nyarugenge. Pia Kandt, kama waandishi wenzake wa zama zile, aliwaeleza Wahutu, Watutsi na Watwa kana kwamba kila kundi lina tabia yake ya kuzaliwa. Jicho lililozoezwa Bayreuth na Werneck kupanga wagonjwa kwa aina lilipanga vivyo hivyo watu wazima wenye afya.

Na wagonjwa wenyewe? Tiba ya kikoloni ya wakati ule ilikuwa na macho ya kuona vijidudu. Mwaka 1906 Robert Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, kuchunguza ugonjwa wa malale. Madaktari wa serikali walihangaika na malaria na ndui. Mtu aliyepotewa na akili alihesabiwa kuwa tatizo la usalama, si la afya. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo cha wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne, na mwaka 1910 Waingereza walifungua kile cha Mathari mjini Nairobi. Kigali haikupata kitu. Mnyarwanda aliyeshikwa na huzuni au fadhaa alikwenda kwa wapfumu, waaguzi waliotafuta ni mzimu upi uliokosewa, au aliingizwa katika ibada ya kubandwa, ambamo Ryangombe alialikwa kuwa mlinzi wake. Njia hizo zilikuwa na jambo moja lililokosekana nyuma ya kuta za Werneck: mgonjwa hakuondolewa kwa watu wake.

Kandt aliondoka Rwanda kwa likizo muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipolipuka mwaka 1914 njia ya kurudi ilifungwa. Akavaa tena joho la udaktari, safari hii katika jeshi. Aliathiriwa na gesi ya sumu vitani, afya yake ikavunjika, na tarehe 29 Aprili 1918 akafariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg. Alikuwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya Johannis, alimozikwa pia mchoraji Albrecht Dürer. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wameishika Kigali tangu mwaka 1916.

Werneck na Ndera

Hospitali aliyoifanyia kazi Kandt ilimzidi umri. Mwezi Oktoba 1940 utawala wa Wanazi uliwaondoa wagonjwa wa Werneck ili kupata nafasi ya kuwaweka wahamiaji wa Kijerumani, na wengi wa wagonjwa hao waliuawa katika mpango wa serikali wa kuwaangamiza watu wenye maradhi ya akili na ulemavu. Waliotia saini fomu za kuwachagua walikuwa madaktari.

Katika Rwanda, Mabruda wa Upendo walifungua hospitali ya Ndera, mashariki mwa Kigali, mwaka 1972. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili nchini. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia ndani ya uzio wake waliuawa, na wagonjwa walikuwemo kati ya waliouawa. Mauaji yalipokoma, nchi ya mamilioni ya watu waliofiwa ilikuwa na daktari bingwa mmoja tu wa magonjwa ya akili aliye Mnyarwanda, Naasson Munyandamutsa, aliyerejea kutoka Geneva alikokuwa akisomea taaluma hiyo na kukuta jamaa zake wameuawa. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2016.

Daktari mmoja hawezi kuitibu nchi. Mwaka 1995 Rwanda ilipitisha sera ya afya ya akili, na hesabu yake ilikuwa rahisi: kama bingwa hayupo, maarifa yake lazima yafike kwa daktari wa kawaida na muuguzi wa kituo cha afya, wale wanaowaona watu wote kwanza. Wauguzi wakaanza kufundishwa, hospitali za wilaya zikapewa vitengo vya afya ya akili, na Ndera ikabaki kwa wale ambao hali zao zimewashinda wengine. Kazi hiyo haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, huku asilimia 5.3 tu wakiwa wamewahi kutumia huduma hizo. Wengi bado hufika kituoni wakilalamikia kichwa, mgongo, au moyo kwenda mbio, na mhudumu asiyefundishwa huwaandikia dawa ya maumivu.

Madaktari wa kigeni waliokuja baada ya 1994 walileta orodha zao za dalili na majina yake. Wagonjwa walikuwa na neno lao, ihahamuka, linalomwelezea mtu aliyekatikiwa na pumzi kwa hofu, kana kwamba mapafu yamemtoka kifuani. Halikuwemo katika kitabu chochote cha udaktari. Wauguzi wa vituo vya afya walilijua, kwa kuwa walikuwa wakilisikia nyumbani kwao.